Kuzunguka Ghuba ya Winam kwa gari dogo, Jumamosi na Jumapili

Swali: Niko Nakuru, nina Vitz ya 1300 na siku mbili tu za mapumziko. Nataka kuwapeleka mama yangu mwenye miaka 71 na watoto wangu wawili tukaendeshe gari kandokando ya Ziwa Victoria, tusiishie Kisumu mjini na kurudi. Nimesikia kuna feri inayobeba magari hadi Mbita. Nianzie upande gani? Gari langu litaweza? Na ni kitu gani huwa kinawaharibia watu safari hii?

Jibu: Dada, gari lako litaweza, na siku mbili zinatosha ukizunguka Ghuba ya Winam yote, ule mkono wa Ziwa Victoria unaoingia hadi Kisumu, kwa duara moja. Anzia upande wa kusini: Nakuru, Kericho, Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, kisha ulale Mbita. Jumapili asubuhi uvuke kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda Kotieno, upite Asembo na Ndori, utokee Kisian, ule chakula cha mchana Kisumu na kurudi Nakuru kupitia Kericho. Duara lote pamoja na kuzunguka kisiwa cha Rusinga ni karibu kilomita 600.

Wengi huzunguka kinyume chake. Hufika Kisumu Jumamosi, hukimbilia Luanda Kotieno wapande feri ya alasiri, na hapo ndipo safari inapoharibika. Feri ina safari chache kwa siku na nafasi ya magari machache kila safari. Ukikuta imejaa saa tisa mchana, uko kwenye ncha ya rasi, vyumba vya kulala ni vichache, na ukitaka kufika Mbita kwa barabara lazima urudi hadi Kisumu na kuzunguka ghuba yote, zaidi ya kilomita 200, usiku ukiingia. Lakini ukiwa umelala Mbita na feri ikakosekana Jumapili asubuhi, hujapoteza kitu. Unageuza gari, unapita Homa Bay na Kendu Bay ulikotoka, na adhuhuri uko Ahero.

Sababu ya pili ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya juu ya ardhi hupanda, na hewa ya ziwani huvutwa kuja kuijaza nafasi hiyo. Ndiyo maana asubuhi ziwa huwa limetulia na kuanzia mchana mawimbi huanza kuinuka. Mama mzee na watoto wasiozoea maji watafurahia kuvuka saa mbili asubuhi, na wanaweza kutapika wakivuka saa kumi jioni. Sababu ya tatu ni jua. Jumamosi asubuhi unaelekea magharibi jua likiwa mgongoni, na Jumapili alasiri unarudi mashariki, jua likiwa mgongoni tena.

Kuna hasara moja katika mzunguko huu. Maji yatakuwa upande wako wa kulia karibu safari nzima, ng'ambo ya magari yanayokuja. Kwa hiyo mkalishe mama nyuma ya dereva, dirisha la kulia, na umfungie kufuli ya watoto mlango huo huo wa kulia wa nyuma ili hata mkisimama mtu asishukie kwenye lami. Kila mtu ashukie kushoto.

Jumamosi: Nakuru hadi Ahero

Usitoke saa kumi alfajiri. Kati ya Nakuru na Mau Summit kuna Salgaa, Sachangwan na Migaa, na malori yanayopanda na kushuka hapo usiku ndiyo yaliyoifanya sehemu hii ijulikane kwa ajali. Toka saa kumi na mbili kamili. Nusu saa baadaye utakuwa unaona barabara yote. Ukipita Mau Summit unashika njia ya kushoto kuelekea Kericho, na muda mfupi utafika Londiani Junction. Hapo tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo liligonga magari na wafanyabiashara wa kandoni, na zaidi ya watu 50 walikufa. Viazi na karoti za hapo ni nzuri na bei huvutia, lakini usiegeshe gari kandokando ya lami kwenye mteremko ili kununua mboga. Nunua Kericho mjini.

Kericho utafika kama saa mbili na nusu. Kunyweni chai, mwende choo, kwa sababu kutoka hapo hadi Ahero si kila mahali mtapata choo kizuri cha mama. Kisha unaanza mteremko mrefu. Kericho iko juu kiasi cha mita 2,000 na zaidi, na tambarare za Kano ziko kiasi cha mita 1,150. Karibu mita 900 hizo unazishuka nyuma ya trela za miwa na matangi ya mafuta. Usishuke ukiwa umekanyaga breki muda wote. Diski hupata moto, moto hupita kwenye oili ya breki, na oili iliyokaa miaka mingi bila kubadilishwa huwa imefyonza unyevu. Maji hayo huchemka na kuwa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kushika. Kama gari lako ni la kujibadilisha gia lenyewe, sogeza mkono hadi S au B (kwenye magari mengine ni L), uache injini izuie, na ukanyage breki kwa vipindi: kanyaga sawasawa hadi mwendo ushuke, achilia, kanyaga tena. Kama ni la gia za mkono, shuka kwa gia ile ile ambayo ungeitumia kupanda.

Kabla ya safari mwambie fundi apime oili ya breki. Kama imepita miaka miwili, aibadilishe yote, asiongeze tu. Na mkisikia harufu ya kitu kinaungua, tafuteni mahali tambarare, msimame dakika 20 hadi 30, gari likiwa kwenye P na jiwe chini ya gurudumu. Usiivute breki ya mkono kwa nguvu wakati breki zina moto, wala usimwagie maji magurudumu. Diski hujipinda, na usukani utatetemeka safari nzima.

Ahero: jaza petroli hapa, angalia upepo wa matairi, kisha ushike barabara ya Kisii hadi Katito. Kipindi cha mvua ndefu, Machi hadi Mei, mto Nyando na mito midogo ya Kano hufurika na maji huingia barabarani. Wiki hizo heri uahirishe. Januari, Februari, na Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenye raha.

Katito hadi Homa Bay

Katito unaiacha barabara ya Kisii na kushika ya Kendu Bay. Yote ni lami. Usitegemee kuona maji kila kona. Barabara hii hukaribia ziwa, hulikimbia, hulirudia. Mahali pazuri ni karibu na Kendu Bay, halafu vipande vya kutoka hapo hadi Homa Bay, ambako vilima vya Homa vinasimama mkono wa kulia kati yako na ghuba.

Kinachosumbua hapa ni matuta. Kila senta ina yake, mengine hayana rangi wala kibao, na kivuli cha mwembe huyaficha kabisa. Vitz ina nafasi ya sentimita 14 hivi kati ya chini ya gari na ardhi, na ukiwa umebeba watu wanne na mizigo inapungua. Ukiona vibanda, bodaboda zimepangwa na watu wamekaa, shuka hadi kilomita 30 kwa saa hata kama huoni tuta. Lipo. Mizigo mizito iweke sakafuni nyuma ya viti vya mbele badala ya buti, maana buti ndilo huishusha mkia wa gari na bomba la moshi likagonga.

Utaona pia nyavu zimetandazwa kandokando ya barabara zikiwa na kitu kinachong'aa kama fedha. Ni omena, yaani dagaa, zinaanikwa. Ukitaka kusimama, usizikanyage kwa gari, hata ukingo wake. Ni jasho la siku nzima la mama mmoja, na vumbi lako tu linatosha kumshushia bei. Simama mbele kidogo. Na ukitoka kwenye lami, toka polepole: ukingo wa lami mara nyingi umelika, na kuna kidato cha kutosha kukwaruza chini ya mlango.

Kendu Bay ni mji wenye umri. Wamisionari wa Kiadventista walianzisha kituo cha Gendia hapo karibu mwaka 1906, na Waislamu wana historia yao ndefu katika mji huo huo. Lakini kwa muda wenu mfupi ningewapeleka Simbi Nyaima, ziwa dogo la kreta lililoko kilomita chache magharibi mwa mji. Ni duara la maji ya kijani yenye magadi, halina mto unaoingia wala kutoka, na misimu mingine flamingo hujaa ukingoni. Flamingo hufuata chakula chao, kile kimea cha kijani kilichomo majini. Kikipungua wanahama, kwa hiyo usiwaahidi watoto. Waahidi hadithi: wazee wa hapo husimulia kwamba bibi mmoja maskini alikuja kijijini usiku wa sherehe akaomba mahali pa kujihifadhi, akanyimwa, na kijiji chote kikazama. Vijana wa hapo huongoza wageni. Elewaneni malipo kabla ya kuanza kutembea. Tembeeni kwa juu, msiteremke hadi majini, kingo ni za kuteleza. Saa moja inatosha.

Homa Bay mtafika kama saa saba mchana. Kuleni samaki hapo. Ukiagiza sato mzima, uliza kwanza umchague mwenyewe: jicho liwe angavu na limetuna, mashavu ndani yawe mekundu, na ukibonyeza mnofu uinuke. Agiza mara tu unapoketi, kwa sababu samaki mzima wa kukaanga na kisha kuchemshwa na nyanya huchukua dakika 40 hivi, na hizo dakika ndizo zinazowachelewesha watu. Jaza petroli tena. Mbita ina vituo, ila hapa una uhakika zaidi, na kesho baada ya feri usitegemee kituo hadi ukaribie Ndori.

Kuhusu Ruma: hifadhi hiyo iko katika bonde la Lambwe, kati ya Homa Bay na Mbita, na ndipo mahali pekee nchini Kenya penye korongo, yule swala mkubwa aitwaye roan kwa Kiingereza. Ni eneo la kilomita za mraba 120, lina twiga na vifaru pia. Kwa siku mbili na gari dogo ningeiacha. Udongo wake ni ule mweusi mzito ambao mvua moja tu huugeuza gundi, na mbung'o wapo, wanaohamaki zaidi wakiona nguo nyeusi au buluu. Ukipata siku ya tatu, kodi gari la juu Homa Bay, mlipe kiingilio kwa mtandao kabla ya kufika getini, na mvae nguo za rangi ya udongo.

Mbita na Rusinga

Ondoka Homa Bay kabla ya saa tisa. Barabara ya Mbita ni lami ya kilomita 40 na kitu, nzuri, na uzuri wake huwatia watu tamaa ya kukimbia. Inaelekea magharibi, kwa hiyo ukichelewa jua litakupiga machoni, saa hizo hizo ng'ombe wanaporudishwa nyumbani kwa kuvuka lami. Futa kioo cha mbele kwa ndani pia kabla ya kutoka Homa Bay. Ule utando wa vumbi la ndani ndio unaogeuka pazia jeupe jua likiwa chini.

Fika Mbita, pata chumba, halafu kabla ya kutoa mizigo nenda gatini. Usimtume mtu. Muulize mhudumu wa feri mwenyewe: ya kwanza kesho inaondoka saa ngapi, magari yanaanza kupanga foleni saa ngapi, na leo ilivuka kama kawaida? Ratiba hubadilika, na magugu maji yakisukumwa na upepo usiku yanaweza kuziba gati asubuhi ukashangaa.

Sasa una saa mbili na nusu za jua kwa Rusinga. Zamani mlango wa maji kati ya Mbita na kisiwa ulizibwa kwa tuta la mawe, lililojengwa miaka ya 1980, maji yakakosa kupita. Baadaye likajengwa daraja na maji yakafunguliwa. Vukeni daraja hilo, kisha mshike kushoto, mzunguke kisiwa kwa kufuata mshale wa saa. Hapa ndipo lile tatizo la upande wa kulia linapogeuka: ukizunguka hivyo maji yako kushoto kwenu, mnaweza kusimama popote bila kuvuka barabara. Sehemu za murram huharibika kila baada ya mvua, basi muulizeni bodaboda wa darajani kama gari dogo linapita leo. Wanajua kila shimo. Kwenye murram yenye mifereji, usiingize magurudumu ndani ya mifereji. Panda juu ya migongo yake, gurudumu moja katikati ya barabara na jingine ukingoni, gia ya kwanza au ya pili, bila haraka.

Katika kisiwa hiki ndipo lilipo kaburi la mwanasiasa Tom Mboya, aliyezaliwa mwaka 1930 na kuuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mnara uliojengwa juu yake una umbo la risasi. Watoto watauliza, na mama bila shaka ana kumbukumbu zake za mwaka huo. Mwacheni asimulie. Kisiwa hicho hicho ndicho Mary Leakey alichopata fuvu la Proconsul mwaka 1948, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita. Kisiwa cha Mfangano kiache kwa safari nyingine, hata kama wenye boti watakushawishi. Michoro ya mawe ya Mawanga na Kwitone inahitaji siku nzima peke yake.

Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni. Uwe umeshavuka daraja kurudi wakati huo.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo nayashikilia sana, kwa sababu watu wa Nakuru hatuishi nayo kila siku. La kwanza ni kichocho. Kidudu chake hutoka kwenye konokono wa maji ya kina kifupi yenye majani, na huingia mwilini kwa kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Si lazima uyanywe maji. Watoto wasioge ziwani wala wasitembeze miguu majini ufukweni, hata wakiona watoto wa hapo wanaogelea. Kama mmoja ameingia, mkaushe kwa taulo mara moja kwa kumsugua, na mpeleke apimwe baada ya wiki sita hadi nane. Mapema zaidi vipimo vinaweza visionyeshe kitu. Dawa ipo na inatibu. La pili ni malaria. Fungeni madirisha kabla ya jua kuzama, laleni ndani ya neti iliyochomekwa chini ya godoro, na zimeni taa ya nje ya chumba, maana usiku mwingine wadudu wa ziwani huja kama moshi kufuata mwanga. Mtu akipata homa wiki moja hadi nne baada ya kurudi, mwambieni daktari neno la kwanza kabisa kwamba mlilala Mbita.

Jumapili: feri

Fika gatini saa moja kabla ya feri kuondoka. Nauli ya gari na ya watu hulipwa, kwa hiyo uwe na noti ndogo pamoja na M-Pesa. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kutoka mwaka hadi mwaka (mwaka 2020 na 2024 yalipanda kupita kiasi), na kadiri yanavyobadilika ndivyo mlango wa feri unavyolala au kusimama. Gari la chini kama lako hugonga pua au tumbo hapo. Mambo ya kufanya ni haya: abiria wote washuke na kupanda kwa miguu, kwani gari likiwa tupu huinuka kidogo, na kidogo hicho ndicho unachokihitaji. Ingia moja kwa moja bila kupinda, gia ya kwanza au L, mwendo wa mtu anayetembea. Anayeingia kwa kasi ndiye anayevunja bampa, kwa sababu magurudumu ya mbele yakipanda ghafla springi hubonyea na pua hushuka. Kama pembe ni kali, mwombe mfanyakazi aweke mbao mbili pale ukingoni. Wanazo na wanajua. Mfuate mtu mmoja tu anayekuelekeza kwa mikono. Wapita njia watano watakaopiga kelele "kata, kata" waache. Unaweza kuambiwa uingie kinyumenyume, basi fanya zoezi hilo nyumbani kama hujazoea.

Ukishaegesha: P, breki ya mkono, zima injini, kigingi au jiwe chini ya gurudumu. King'ora cha wizi kizime kama kinasikia mtikisiko, la sivyo kitalia ziwa zima. Usibebe petroli kwenye jerikeni. Na usimwache mama ndani ya gari hata akisema amechoka. Magari huegeshwa yakibanana, na mlango usiofunguka vizuri ni hatari ikitokea dharura. Mtafutieni kiti, mjue majaketi ya kujiokolea yako wapi, na watoto wavae yao tangu mwanzo. Kuvuka huchukua karibu saa moja. Simameni upande wa kivuli mtazame nyuma: Rusinga, vilima vya Gembe na vya Gwassi vinajipanga kimoja nyuma ya kingine. Kwa maoni yangu hii ndiyo saa bora ya safari nzima.

Kushuka Luanda Kotieno, mlango wa feri huwa umelowa na una utelezi. Usikanyage mafuta kwa nguvu. Gurudumu likizunguka bure, achia, acha lishike lenyewe.

Kutoka hapo ni lami kupita Asembo hadi Ndori, kilomita 30 na ushei, ghuba ikiwa kulia kwenu na vilima vya Homa mlivyovipita jana vikionekana ng'ambo. Ndori mnashika kulia, barabara ya Kisian. Kabla ya kufika Kisian, kiasi cha kilomita 30 kutoka Kisumu, kuna Kit Mikayi, rundo la mawe makubwa lililopandana hadi kimo cha mita 40 hivi. Watoto wapande na mwongozaji, wakiwa na viatu vya soli ya mpira. Mama akae chini kivulini. Mvua ikiwa imenyesha asubuhi hiyo, msipande, hayo mawe huteleza.

Kisumu mfike saa tano na nusu, sita. Nendeni ufuko wa Dunga, mle, mnunue samaki wa nyumbani. Samaki wa kubeba hadi Nakuru atolewe matumbo na mashavu hapo hapo, aoshwe, asikaushwe kwenye gazeti. Beba kisanduku cha barafu, kilo moja ya barafu iliyopondwa kwa kila kilo ya samaki, safu ya barafu chini, samaki, barafu juu. Maji yanayoyeyuka yamwagwe mnaposimama Kericho. Samaki aliyelala kwenye maji hayo huharibika upesi kuliko aliyelala juu ya barafu.

Kurudi

Ondoka Kisumu saa saba mchana, isizidi saa nane. Kericho hunyesha alasiri karibu kila siku, mara nyingine mvua ya mawe, na ukungu hushuka kuelekea Mau Summit. Kwenye mvua washa taa za kawaida za mbele. Zile za dharura zinazomweka usiziwashe ukiwa unaendesha, maana anayekufuata hawezi kujua kama umesimama au unapinda.

Mpando wa kutoka Awasi hadi Kericho ndio mtihani wa injini yako. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu: ya buluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikiwa imechemka. Ikiwaka nyekundu tayari umechelewa. Kwa hiyo pima maji ya rejeta Jumapili asubuhi injini ikiwa baridi, na ukianza kupanda zima kiyoyozi, fungua madirisha, usimfuate trela kwa karibu ukila joto na moshi wake. Taa nyekundu ikiwaka, washa hita ya ndani hadi mwisho ili ivute joto, ingia kando mahali salama, zima, weka vibao vyako vya pembetatu mbele na nyuma. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa nusu saa au zaidi. Maji yale yanarukia usoni.

Kwa petroli, gari lako likienda kilomita 13 hadi 15 kwa lita, duara hili litakula lita 40 hadi 46, yaani tangi moja lililojaa na nyongeza kidogo. Zidisha kwa bei inayotangazwa tarehe 14 ya kila mwezi na EPRA, mamlaka inayopanga bei za mafuta. Matairi yapimwe asubuhi kabla gari halijatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Spea nayo ipimwe. Kama ni ile nyembamba ya muda, inataka upepo mwingi, psi 60, na ukiifunga usizidishe kilomita 80 kwa saa. Karibu nusu ya spea nyembamba tunazoziona hazina upepo kabisa, kwa sababu hakuna aliyeziangalia tangu gari litoke bandarini. Jeki na spana ya gurudumu vijaribuni nyumbani, mfungue nati moja mjue inafunguka.

Mkifika Kericho na saa imepita kumi na mbili jioni, mvua inanyesha na mmechoka, msiingie Londiani na Salgaa gizani. Laleni Kericho, samaki aongezewe barafu, mtoke Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Watoto watachelewa shule kwa muda wa saa mbili hivi. Mwandikie mwalimu ujumbe usiku huo huo.